Nyangumi, pomboo na ndege wa msimu pwani ya Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba, nikionekana nimekaa juu ya mwamba na darubini shingoni, hakosi mtu wa kusogea na kuniuliza, "Kaka, unasubiri meli gani?" Nikimjibu kwamba natafuta nyangumi, kuna anayecheka, kuna anayeniangalia kwa huruma, na kuna anayekaa chini kuanza maswali. Majibu haya ni kwa ajili ya huyo wa tatu. Ninazungumzia ufukwe wa jiji lenyewe, Kunduchi mpaka Kimbiji, na nikitoka nje ya hapo nitasema.

Kwani Dar es Salaam kuna nyangumi kweli?

Wapo, na wanapita kila mwaka. Wengi wao ni nyangumi nundu, wenye mapezi marefu ya mbele yanayokaribia theluthi moja ya urefu wa mwili. Mkubwa hufika mita 12 hadi 16, yaani daladala mbili za Coaster zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Chakula chao kipo kwenye maji baridi ya Antaktika, ambako hula vidubwana jamii ya kamba. Baridi ya huko inapokaza wanapanda kaskazini kuja kwenye maji ya moto kuzaa na kupandana: Msumbiji, Tanzania, Kenya. Mimba huchukua karibu mwaka mzima, na mtoto akizaliwa tayari ana mita 4 na zaidi.

Mama anapokuwa huku hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kusini, na kwa mafuta hayohayo anamnyonyesha mtoto. Ndiyo maana kumsumbua si jambo dogo, nitalirudia kwenye swali la boti.

Tulikaribia kuwakosa kabisa. Meli za kuwinda nyangumi ziliwamaliza katika karne ya 20, mpaka uwindaji wa nyangumi nundu katika nusu ya kusini ya dunia ukapigwa marufuku mwaka 1963. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikaitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi. Tangu hapo idadi yao imekuwa ikipanda.

Nije mwezi gani?

Julai hadi Oktoba. Agosti na Septemba ndiyo miezi ya uhakika zaidi. Tatizo ni kwamba Julai na Agosti ndipo kusi linapovuma kwa nguvu, bahari inajaa mawimbi meupe, na kila wimbi linalovunjika linakudanganya. Mimi napenda mwisho wa Septemba na Oktoba. Kusi limelegea, kaskazi haijaingia, ule wakati ambao mabaharia wanauita tanga mbili, au maleleji. Nyangumi waliobaki ni wachache, lakini bahari imelala kama sinia, na kitu chochote kikiinuka unakiona.

Nikae wapi?

Hapa watu wengi ndipo wanapokosea. Wanakwenda Coco Beach Jumapili jioni, wanakula mihogo na mishikaki, wanatazama baharini dakika kumi, wanarudi nyumbani wakisema hakuna kitu. Mbele ya Msasani na Kunduchi kuna visiwa vya Bongoyo, Pangavini na Mbudya, kuna miamba, na maji si marefu. Nyangumi hana sababu ya kuingia humo. Ukikaa Coco unaweza kumwona siku moja akipita mbali sana kwenye mstari wa upeo, lakini usiweke nadhiri.

Vuka kwenda Kigamboni, kwa pantoni au kwa daraja, halafu endelea kusini. Mjimwema bado ni karibu na mji. Gezaulole ni pazuri. Lakini pa kwenda hasa ni Ras Kimbiji, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka feri. Pale hakuna kisiwa kinachokukinga, na maji marefu yanasogea karibu na nchi kavu, kwa hiyo nyangumi anayefuata pwani anapita umbali ambao darubini ya kawaida inamfikia. Tafuta mahali palipoinuka. Hata mita tano juu ya mchanga zinabadilisha kila kitu, maana ukiwa chini kabisa mawimbi yanaficha yaliyo nyuma yake.

Saa nayo ina hesabu yake. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua likishapanda kidogo linamulika maji na kukupiga machoni, na kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne unatazama kioo kinachowaka. Ama uwe umeshafika saa kumi na mbili alfajiri, upepo ukiwa bado haujaamka, ama uje saa tisa alasiri jua likiwa mgongoni. Siku ya mawingu ni zawadi, kaa kutwa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi mmeshailipia bila kujua: boti ya Unguja. Safari ni kama saa mbili, katikati ya mkondo, na Agosti si ajabu kuona mgongo au mkia. Acha kiti cha ndani chenye televisheni, panda juu.

Nitajuaje ni nyangumi na si wimbi?

Usitafute mnyama. Tafuta pumzi.

Mara ya kwanza kuona nilikuwa Kimbiji, na sikuona mimi. Nilikuwa nimekaa tangu alfajiri nikizungusha darubini kama mtu anayepiga deki. Mzee mmoja mvuvi alikuwa pembeni yangu anashona wavu, hata hakuinua kichwa sawasawa, akasema, "Yule anapumua." Nikauliza wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Nikaona maji tu. Akaniambia, "Tulia, atapumua tena, hesabu." Nilipofika kumi na mbili, ukapanda mvuke mweupe, mfupi na mnene, kama wa sufuria ya mihogo iliyofunuliwa kifuniko, ukasimama hewani kidogo, halafu upepo wa kusi ukaulaza upande mmoja na kuufuta. Chini yake ukapita mgongo mweusi, taratibu, kama gurudumu linalozunguka. Ukapanda mvuke wa pili, mdogo, pembeni ya ule wa kwanza. "Ana mtoto," akasema mzee, akaendelea na wavu wake.

Kwa hiyo: wimbi huvunjika na kutandaa, pumzi hupanda juu na kusimama. Pumzi ya nyangumi nundu hufika karibu mita 3. Hupumua mara tatu nne kwa kufuatana, kisha huinamisha mgongo. Akiinua mkia mzima juu ya maji, jua anazama kwelikweli. Angalia saa, subiri dakika tano, kumi, hata kumi na tano, na usitazame palepale alipozamia. Tazama mbele yake.

Ukibahatika ataruka. Utaona mwili mzima ukitoka majini, na sauti ya kishindo itakufikia baadaye, wakati yeye ameshatoweka. Kwa nini wanaruka? Wapo wanaosema ni kuwasiliana, wapo wanaosema ni kujikung'uta wadudu, na wapo wanaosema ni mchezo. Mzee wa Kimbiji anasema ni raha tu.

Na pomboo, wana msimu?

Hawana, wapo mwaka mzima. Wa kawaida karibu na mji ni wawili. Yupo mwenye pua kama shingo ya chupa, wa kijivu, anayetembea kwa makundi na hapendi kukaa kimya. Yupo na mwenye nundu mgongoni ambayo juu yake kuna pezi dogo. Huyu ni mwenye haya, hupenda maji mafupi karibu na mikoko na midomo ya mito, makundi yake ni madogo, na akiona boti anapotea. Kwa bahati mbaya kupenda kwake maji mafupi kunamweka palepale penye watu, nyavu na uchafu. Nje zaidi, kwenye kina, kuna pomboo wadogo wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani kama pia. Hao utawaona kwenye njia ya Unguja au Mafia, si ufukweni.

Bahati nzuri ya kuona pomboo wa jiji ni asubuhi mapema, kwenye mashua ya kwenda Mbudya au Bongoyo, kabla maji hayajachafuliwa na injini.

Kinachowaua zaidi ni jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa, taa na nguru. Pomboo anavuta pumzi kama mimi na wewe. Akinasa chini hana muda. Mvuvi mwenyewe hapati faida, anaharibikiwa wavu.

Nguva bado wapo?

Ufukweni mwa Dar es Salaam, usimtafute. Nguva anakula majani ya bahari, anakwenda polepole, anazaa mara chache, na nyavu zimemmaliza. Kwa Tanzania, wachache waliobaki wanahusishwa na eneo la delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na kundi la maana lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji. Wazee wa pwani wa Kigamboni wanamkumbuka. Vijana wanajua tu nguva wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki.

Papa potwe ni nyangumi?

Hapana. Ni papa, yaani samaki, anapumua kwa matamvua na mkia wake unakwenda kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi na pomboo unakwenda juu na chini. Wengine humwita papa shilingi kwa zile doa zake. Ukimtaka, nenda Mafia kati ya Oktoba na Machi, mbele ya Kilindoni.

Mnasema "bamvua", "maji mafu". Mtu wa bara atajuaje?

Angalia mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji yanasogea kidogo tu, hayo ni maji mafu. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita 3, na raha yake ni kwamba saa hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka: siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata inasogea mbele kama dakika 50. Ukishalishika hili huhitaji programu ya simu.

Kwa nyangumi haina uzito mkubwa. Kwa ndege, na kwa kutembea kwenye mwamba kutazama kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, ndiyo kila kitu. Ila geuka mara kwa mara uangalie nyuma yako. Maji yanaporudi hayaji kwa mbele kama unavyodhani, yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati yako na nchi kavu. Niliwahi kunogewa na kundi la ndege pale Oysterbay nikarudi nikiwa nimeinua begi kichwani, maji kifuani, na watoto ufukweni wakinipigia makofi. Simu haikupona.

Ndege gani wa kutazama, na lini?

Hapa ndipo jiji linapowazidi hata wenye hoteli za mbali. Matope na mchanga unaobaki wazi maji yakipwa, kuanzia Ocean Road mpaka mdomo wa mto Msimbazi karibu na daraja la Selander, na tena Kunduchi, ni meza ya chakula kwa wageni kutoka mbali sana. Wanaanza kufika Agosti, wanajaa Oktoba, wanaondoka Aprili.

Sululu utamjua kwa mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Chekeamwezi wa aina nyingi wanakimbia na wimbi kama vifaranga. Mmoja wao, mdogo, mwenye mdomo uliopinda kidogo, anazaliana Siberia. Miezi yote ni wa kijivu usiyemgeukia mara mbili, lakini mwishoni mwa Machi kifua chake kinaanza kuwa chekundu kama matofali ya kuchoma. Anavaa nguo za harusi akiwa bado kwetu. Wiki chache baadaye ufukwe ni mtupu.

Ninayempenda kuliko wote ni ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama koleo. Kazi yake ni kula kaa. Anasimama kimya, anakimbia hatua tatu, anasimama, kisha anadonoa. Kaa akiwa mkubwa anamtikisa mpaka miguu inyofoke, anamuweka chini, anamkagua, anammeza. Huyu anazaliana kwenye visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu, na hutaga ndani ya shimo alilochimba mchangani. Baada ya hapo anashuka kwetu kwa njia ileile ya majahazi, ingawa yeye haingoji kaskazi.

Fika saa moja na nusu baada ya maji kuanza kujaa. Maji yanawasukuma kuelekea kwako, unakaa tu.

Mbona naona kunguru tu?

Kwa sababu wamezidi. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, kwa kusudi la kusafisha taka, wakavuka. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kampeni za kuwapunguza zimekuja na kupita.

Nikodi boti kuwafuata nyangumi?

Unaweza, ukimpata nahodha mwenye adabu. Kabla ya kulipa, kubalianeni: kwa nyangumi boti isisogee karibu zaidi ya mita 100, isikate njia yake mbele, isiingie kati ya mama na mtoto, na akisogea yeye mwenyewe, injini iwe bila gia. Niliwahi kupanda boti ambayo nahodha alimkimbiza mama na mtoto wake karibu nusu saa ili abiria wapate picha. Kila walipoibuka, yule mdogo alikuwa anapumua kwa haraka zaidi. Picha hatukupata. Tangu siku hiyo nauliza masharti kwanza, na anayenicheka simpandi.

Mbudya na Bongoyo ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, kuna kiingilio, dai risiti.

Na kule Kizimkazi, kuogelea na pomboo?

Mpaka miaka ya 1990 wavuvi wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, walikuwa wakiwapiga pomboo chusa ili nyama iwe chambo cha papa. Utalii ukawafanya pomboo wawe na thamani wakiwa hai, na hilo ni jambo jema lisilobishaniwa. Lakini siku hizi msimu wa wageni utakuta boti nyingi zinagombea kundi moja, watu wanamwagwa majini mbele ya pomboo, pomboo wanazama, boti zinazunguka, watu wanamwagwa tena. Mimi nashauri ubaki ndani ya boti, utawaona vizuri zaidi ya aliyemeza maji ya chumvi huko chini. Chagua alfajiri, na mwambie nahodha mapema kwamba bakshishi yake ipo hata msipowakaribia.

Nimekuta pomboo amekwama ufukweni. Nifanyeje?

Akiwa hai, mwagilia maji ngozi yake na umfunike kwa kanga iliyolowa, lakini tundu la pumzi lililo juu ya kichwa liachwe wazi na lisiingie maji wala mchanga. Mwekee kivuli. Usimvute kwa mkia wala mapezi, yanachomoka kwenye viungo. Zuia umati na kelele. Mwenyekiti wa mtaa, BMU ya wavuvi (kikundi chao cha kusimamia ufukwe) au ofisi ya uvuvi ya wilaya wapigiwe mara moja. Msimrudishe majini kwa pupa kabla hajaangaliwa.

Akiwa amekufa, msimle. Si sheria peke yake inayokataza, ingawa kanuni za uvuvi zinawalinda pomboo, nyangumi, nguva na kasa. Hujui alikufa kwa nini. Tarehe 28 Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa kati ya Kendwa na Nungwi, Unguja, asubuhi moja, na chanzo hakikupatikana kwa uhakika.

Nimeokota kitu kama nta ya kijivu. Ni ambari?

Mara nyingi ni mafuta ya kupikia yaliyogandana, au nta ya meli. Ambari ya kweli inatoka tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine, mwenye meno na kichwa kikubwa kama kasha, anayekaa kwenye kina kirefu akila ngisi. Pwani hii iliijua zamani. Wasafiri Waarabu wa karne ya 10 waliandika juu ya ambari ya nchi ya Zanj. Kama unasoma haya ukiwa Muscat, unajua bei yake kuliko mimi.

Na mkiwa huko, mna jambo ambalo sisi hatuna: nyangumi nundu wa Bahari ya Arabuni hawahami kabisa. Wanakaa pwani ya Oman mwaka mzima, na wanakadiriwa kuwa chini ya 100.

Nyangumi anaweza kumeza mtu, kama Nabii Yunus?

Habari za Nabii ni za Mwenyezi Mungu. Nyangumi nundu huyu wa kwetu, pamoja na mdomo wote ule, koo lake linapitisha kitu cha ukubwa wa chungwa kubwa. Ogopa boti isiyo na jaketi.

Kasa je?

Kasa wanapanda kutaga kwenye fukwe za kusini mwa Kigamboni usiku, na shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na wanavijiji kulinda mayai. Mayai huanguliwa baada ya siku kama 60. Ukitaka kuona watoto wakielekea majini, nenda na walinzi wa viota, zima tochi, usiwabebe.

Nikiona nyangumi, niandike nini?

Tarehe, saa, mahali uliposimama, wangapi, wanaelekea wapi, bahari ilikuwaje. Mtoto akiwepo, andika. Ukipata picha ya upande wa chini wa mkia, itunze vizuri: madoa meusi na meupe ya pale ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na kwa picha hizo nyangumi aliyeonekana kwetu anaweza kutambuliwa akionekana tena Msumbiji au kwingine. Daftari langu la mwisho lina mstari huu: "Kimbiji, saa 12:40 asubuhi, upepo mdogo, wawili, mmoja mdogo, kusini." Walikuwa wanarudi.